Siku Mama Boza Alipokunja Kushoto

Saa saba na nusu mchana. Kabla ya kushika usukani, Mama Boza anaumwagia nusu kikombe cha maji. Maji yanamchuruzikia magotini na kukauka hata kabla hajaingiza gia.

"Usipoupoza kwanza, utakubambua ngozi," anasema huku akijifuta viganja kwenye suruali.

Kipimajoto kidogo alichokibandika pembeni ya kioo kinaonyesha nyuzi arobaini na tatu. Kiyoyozi cha lori kilikufa misimu miwili iliyopita. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya majivu yanayopeperuka barabarani, na ndani ya kibanda cha dereva pumzi inaingia kwa kubembelezwa. Nyuma yetu, lita elfu nane za maji zinayumba kila anapokata kona.

"Maji yana kiburi," anasema. "Ukifunga breki ghafla, wewe unasimama, yenyewe yanaendelea na safari."

Tunawakuta watu wa zimamoto kwenye mteremko wa mikaratusi iliyoungua nusu. Ni kikosi cha watu kumi na mmoja, nyuso zimejaa masizi, midomo imepasuka. Kabla mtu hajaunganisha mpira wa pampu, Mama Boza anafungua koki ndogo ya ubavuni, anashika kopo la lita moja, nao wanapanga foleni bila kuambiwa. Anawamwagia utosini mmoja mmoja, kama mama anayeogesha watoto kabla ya kuwapeleka shule.

Mmoja mwenye ndevu anafumba macho na kusahau kuondoka.

"Haya, sogea, bwana harusi," anamwambia. "Wenzako nao wanataka kuoga."

Kicheko kinapita kwenye foleni yote. Kisha wanavuta mpira na kurudi kwenye moshi.

Mama Boza ana umri wa miaka hamsini na moja. Muhula wa masomo huendesha basi la shule. Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, ndipo moto unapofungua msimu wake, naye huhamia kwenye boza, hili lori la maji. Huu ni mwaka wake wa sita, na kati ya madereva saba wa maboza ndiye mwanamke pekee. Siku za kawaida huenda safari tano, siku mbaya tisa.

"Mwaka wa kwanza wenzangu waliniuliza kama nitaweza kurudi nyuma na tangi lililojaa kwenye njia nyembamba," anakumbuka. "Nikawaambia, mimi nimezoea kurudi nyuma na watoto arobaini wanaopiga kelele. Maji hayapigi kelele."

Lakini nilipomwomba asimulie habari ya moto wa mwaka jana, utani ulimwisha. Alizima injini kwanza.

Baba yake, anayejulikana kwa wengi kama Mzee Fundi, ana miaka sabini na tisa. Alikuwa mwashi. Nyumba yake juu ya kilima aliijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kwa muda wa miaka minne, Jumapili na sikukuu, kwa sababu siku nyingine alikuwa akijenga za watu. Humo alilea watoto watatu, na humo ndimo mkewe alimofia. Kila kiangazi Mama Boza alimsihi ashuke akakae naye mjini mpaka moto upite. Kila kiangazi jibu lilikuwa moja.

"Nyumba haiachwi peke yake, mama. Inaogopa."

Badala ya kushuka, mzee alikuwa akichukua jembe. Alilima ardhi yote iliyozunguka nyumba, akang'oa kila unyasi, akaacha udongo mtupu. Majirani walimcheka. Walimuuliza anapanda nini jua lote lile.

Siku yenyewe joto lilipita nyuzi arobaini na nne. Moto ulikuwa siku ya tatu, na watu walishaanza kuuzoea, jambo ambalo Mama Boza anasema ndilo la hatari kuliko yote. Saa tisa alasiri upepo ukageuka. Wakati huo alikuwa njiani na tangi lililojaa, akikipelekea kikosi kilichokuwa bondeni kwenye machimbo ya kokoto. Pampu yao ilikuwa imekauka. Kiongozi wao, jamaa ambaye kila mtu anamwita Mrefu, alikuwa amempigia simu mara mbili ndani ya dakika kumi.

Akafika njia panda. Kushoto ni bondeni, kwa akina Mrefu. Kulia ni kilima cha baba yake, kilomita nne. Moshi mweusi ulikuwa umeanza kupanda upande wa kulia.

"Nilisimamisha lori katikati ya barabara," anasema. "Mimi, dereva wa watoto wa shule, nikasimama katikati ya barabara."

Simu ikalia. Alikuwa baba yake.

"Uko wapi?"

"Njia panda, baba. Nakuja kwako. Toka nje ukae barabarani."

"Una maji?"

"Tangi limejaa."

"Wale wa bondeni wanayo?"

Anasema alitaka kudanganya. Ulimi ukakataa.

"Hawana."

"Basi kunja kushoto."

"Baba!"

"Kunja kushoto, mama. Hao ni watoto wa watu."

"Na wewe ni baba wa mtu!"

Simu ikakatwa. Mzee Fundi si mtu wa kukata simu. Kwa kawaida huaga mara tatu na bado akaulizia hali ya jirani.

"Watu husema damu ni nzito kuliko maji," anasema Mama Boza, akitazama usukani. "Siku ile nilivibeba vyote viwili. Usiniulize kipi kilikuwa kizito."

Akakunja kushoto.

Mrefu, ambaye nilimpata akifunga kamba za buti zake kwenye kituo cha kikosi, anaikumbuka vizuri dakika ambayo boza lilitokeza. Moto ulikuwa umewazunguka pande tatu, na walikuwa wamebakiwa na maji ya kunywa tu.

"Tulishaanza kupeana namba za simu za nyumbani," anasema. "Unaelewa? Mtu anakwambia, mke wangu namba yake ni hii. Halafu tukasikia honi ya yule mama."

Walipounganisha pampu, Mrefu aliona Mama Boza ameshika koki kwa mikono miwili na macho yake yako kilimani. Akamuuliza ana nini. Naye akamwambia habari ya baba yake.

Mrefu alitazama moto, akatazama kipimo cha tangi, akawaita watu wake. Sita wangebaki na pampu na maji ya kutosha, yaliyohamishiwa kwenye tangi lao, kuushikilia moto machimboni. Wanne walipanda juu ya lori pamoja naye, na lita elfu mbili zilizosalia.

"Ile njia ya kurudi, sijui kama nilikuwa nalia au natokwa jasho," anasema Mama Boza. "Vyote vina chumvi."

Walipofika, paa la nyumba lilikuwa limekwisha anguka. Mlango, madirisha, kitanda cha mama yake, vyote vilikuwa moto mmoja. Aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa, na Mrefu akamdaka kiunoni asikimbilie ndani. Alipiga kelele akimwita baba yake mpaka sauti ikakauka.

Ndipo wakasikia mtu anakohoa upande wa nyuma. Katikati ya ile ardhi aliyoilima, mbali na kila kinachoweza kushika moto, kulikuwa na blanketi lililoloweshwa maji. Chini yake alikuwa Mzee Fundi, amelala kifudifudi, na kuku wanne amewakumbatia.

"Taratibu," alisema alipowasikia wanamkimbilia. "Msinikanyagie kuku."

Alilazwa wiki mbili kwa sababu ya moshi. Hospitalini alitania wauguzi na kuuliza habari za kikosi. Wote kumi na mmoja walikuwa salama. Lakini alipohamia sebuleni kwa bintiye, akanyamaza. Alikaa kwenye kochi akitazama kuta. Mama Boza naye alikuwa akirudi kutoka kazini, anapika, anaosha vyombo, na hakuna aliyeitaja nyumba. Wiki nne zikapita hivyo, watu wawili wanapishana katika vyumba viwili.

Jioni moja alishindwa. Aliweka kikombe cha chai mbele ya baba yake, akapiga magoti palepale kwenye zulia.

"Baba, nisamehe. Ningekunja kulia ungekuwa na nyumba yako."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu.

"Ndicho unachobeba siku zote hizi?" aliuliza. "Mimi nilidhani umenikasirikia kwa kukukatia simu." Akamshika kichwa kwa mikono yake mikubwa ya kushika mawe. "Ungekunja kulia, kweli ningekuwa na nyumba. Lakini ningelalaje ndani yake?"

Mama Boza anasema walilia, kisha wakacheka kwa sababu chai ilikuwa imepoa na mzee alikuwa akilalamika.

Kiangazi cha mwaka huu kimekuja kikali zaidi, na Mzee Fundi amejitafutia kazi. Ilianza siku bintiye alipozimia kwenye kituo cha kujazia maji. Kutwa nzima alikuwa amewanywesha wengine, yeye mwenyewe hajaonja tone.

"Kinyozi hajinyoi," mzee anasema kwa uchungu. "Amebeba maziwa na mito, anaanguka kwa kiu."

Tangu hapo humpigia kila siku saa sita mchana. Kisha akaona simu moja haitoshi. Sasa ana daftari lenye namba za wazee kumi na tisa wanaoishi peke yao, madirisha yao yamefungwa kuzuia moshi na joto limefungiwa ndani pamoja nao. Anawapigia wote. Nilikaa naye asubuhi moja nikisikiliza.

"Umekunywa maji? Vikombe vingapi? Kikombe kipi, kile cha kahawa? Dada yangu, huko si kunywa, huko ni kuonja. Nenda, nasubiri. Simu usiikate, nataka nisikie ukimeza."

Wiki tatu zilizopita namba ya kumi na mbili haikupokelewa. Mzee alimpigia bintiye, naye akageuza boza. Bibi mwenye namba ile alikutwa sakafuni jikoni, mwili unawaka, akimwita Mama Boza kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Naye akamfunika mashuka mabichi mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Amepona, na sasa hupokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Anasema namsumbua," mzee ananong'ona. "Lakini nikichelewa dakika tano, ananipigia yeye."

Nilipokwenda kuwaaga, ilikuwa Jumamosi, siku ya mapumziko ya Mama Boza. Nilimkuta uani, amefunga kitambaa kichwani, mikono imejaa saruji hadi viwikoni. Mbele yake kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, urefu wa goti. Mzee Fundi alikuwa kivulini kwenye kiti, fimbo mkononi, uso umekunjamana kama wa msimamizi wa mtihani.

Kuta za nyumba ya kilimani bado zimesimama, isipokuwa upande mmoja uliopasuka kwa moto. Mvua zikianza, na msimu wa moto ukiisha, wanakwenda kuujenga upya ukuta huo na kuweka paa la mabati. Akina Mrefu wameahidi kupandisha mabati. Ukuta ni wa Mama Boza, na huu wa uani ni wa kujifunzia.

Kaka zake wawili walifundishwa uashi wakiwa wadogo, wakahamia mbali pamoja na ufundi wao. Yeye hakufundishwa.

"Nilidhani mtoto wa kike ataumia vidole," anasema mzee. "Ujinga wangu."

"Ameubomoa mara tatu," Mama Boza analalamika, akionyesha ukuta kwa mwiko. "Mara tatu! Kwa fimbo hiyohiyo!"

"Ulikuwa unayumba kama mlevi," mzee anajibu. "Ukuta haulewi."

Anainuka taratibu, anakwenda kuukagua. Anaupitishia kiganja juu, kisha ubavuni, anasimama kwenye kila kiungo. Anausukuma kwa bega. Mama Boza ameuma mdomo, mwiko ameushikilia kifuani.

Mzee anarudi kwenye kiti chake na kuegemeza fimbo.

"Huu utakaa," anasema.