Nilimuuliza kama ana mke, akanijibu ukweli: bima ya afya na kibarua wa vitunguu hapa Chaka

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Mimi ni wa kusoma tu humu ndani, sijawahi kufungua uzi. Huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kwa sababu kila nikiusoma naona sentensi iliyokaa vibaya. Leo nimeamua uende hivyo hivyo. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyotokea.

Mimi ni kijana wa Kagio, ila kazi ilinileta Chaka. Niko kwa agrovet, nauza dawa za mimea na chakula cha kuku. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Simjui mtu hapa zaidi ya wateja, na mteja akishapata dawa ya viroboto hana haja na wewe.

Jumapili ndiyo mbaya. Upepo wa huku Kieni unapiga mabati, watu wako kanisani au wanakula nyama na familia zao, na mimi nimefua nguo zote hadi zile safi.

Kwa hivyo nilipoanza kuandikisha watu kwa bima ya afya ya serikali, msidhani ni moyo mzuri. Nilitaka sababu ya kubisha mlango wa mtu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kwa simu, nikatazama video, nikajiandikisha mwenyewe kwanza, halafu mwenye agrovet, halafu wateja. Nikagundua kuna watu ambao hakuna mtu anawafikia: vibarua waliotoka Turkana, wanaovuna vitunguu kwa mashamba ya huku. Wengine Kiswahili kinawasumbua, wengine wakiona mtu na simu anauliza jina wanafikiri ni askari.

Wanaishi kwa plot moja ya vyumba vya mabati upande wa chini. Caretaker ni mama mmoja tutamwita Mama Shiku. Siku ya kwanza alinisimamisha kwa gate.

"Wewe ni wa kanisa gani?"

"Si kanisa, mama. Ni mambo ya bima."

"Ati bima. Hao watu hata kitanda hawana, unawaletea bima." Lakini alifungua.

Hapo ndipo nilimpata Ewoi. Mrefu, mpole, kofia ya sufu hata saa sita mchana. Mwenye shamba alikuwa amekubali kulipia vibarua wake wa kudumu mwaka mzima, bora waandikishwe. Ewoi alikuwa mmoja wao.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawa. Jina nalisoma herufi kwa herufi, namba ya kitambulisho naisoma mbele na nyuma. Ewoi alikuwa anacheka tu.

"Daktari, hiyo namba haitoroki."

"Mimi si daktari."

"Basi mwalimu."

Tukajibu maswali ya bima kuhusu nyumba. Sakafu ni ya nini, paa ni ya nini, maji mnatoa wapi. Halafu nikafika kwa lile swali.

"Una mke?"

"Sina."

Nikaandika hana mke. Nikafurahia vile maswali yote yamejibiwa bila kosa.

Wakati huo, wakuu, kulikuwa na mwanamke nyuma yake anapepeta mahindi kwa ungo. Nilifikiri ni dada yake. Sikuuliza, nikaona ni kuingilia maisha ya mtu.

Ilipita kama miezi miwili. Jioni moja Ewoi akaja agrovet, amesimama kwa mlango kama mtu anaogopa kukanyaga sakafu.

"Mwalimu, ile kitu yako imekataa Nakiru."

Nakiru ndiye yule wa ungo. Alikuwa na mimba kubwa sasa. Kliniki walikuwa wamempima wakaona mtoto amelala kwa upande, wakamwambia asijaribu kuzalia nyumbani. Aende hospitali kubwa Nyeri, na huenda akapasuliwa. Wakamuuliza bima, akasema iko kwa jina la Ewoi. Wakaangalia. Ewoi hana mke.

Nikamwambia, "Lakini ni wewe ulisema huna."

"Sina," akasema.

"Na Nakiru?"

"Nakiru ni bibi yangu."

Nilimwangalia nikifikiri ananichezea. Hakuwa anacheza. Akanieleza polepole, kama vile mimi humweleza mteja kipimo cha dawa. Kwao mtu hawi mume mpaka mifugo ifike kwa baba ya msichana, ng'ombe au ngamia, na mbuzi juu. Yeye hajapeleka hata mguu wa mbuzi. Kwa hivyo wanaishi pamoja, wanalala pamoja, atazaa naye, lakini ukimuuliza kama ana mke lazima aseme hana. Akisema anaye, amemuiba.

"Basi sema tu ndiyo," nikamwambia. "Ni system. Baba yake hawezi kujua."

"Kwa system si ni mdomo yangu inaongea?"

Nilijaribu njia nyingine. Nakiru anaweza kuandikishwa peke yake, kama nyumba yake. Lakini hapo lazima alipiwe mwaka wake pia, na mwenye shamba alishasema yeye hulipia mfanyakazi na mke wake tu. Ilikuwa wakati wa kungoja mvua, vibarua wengi wako nyumbani, hakuna pesa kwa hiyo plot. Nakiru alikuwa amebakisha wiki chache. Njia ilikuwa moja: Ewoi akubali jina la Nakiru liingie kama mke wake.

Jumapili iliyofuata nilienda kwao. Mama Shiku akanifuata hadi ndani, akasikia yote.

"Ewoi, unaringa na nini? Hata sisi Wakikuyu ruracio, hiyo mahari, haiishi. Bwana yangu alikufa bado akidaiwa, na bado niliitwa bibi ya mtu."

"Nyinyi ni nyinyi, mama," Ewoi akasema.

Mama Shiku akanigeukia mimi. "Na wewe kijana. Oa kwanza, ndiyo uandike bibi za watu."

Wote walicheka, hata Nakiru aliyekuwa na ungo wake, akishika tumbo. Mimi nilicheka pia, lakini iliniuma mahali.

Kuna kitu nitasema hapa. Ewoi alitoka kuchota maji akaniachia simu yake. Code ya kufungua account yake ya bima ilikuwa imeshaingia. Ilibaki kubonyeza mara mbili tu, Nakiru aingie kama mke. Nakiru alikuwa ananiangalia.

Sikubonyeza. Si kwa sababu mimi ni mtu mzuri. Niliogopa tu vile ningemtazama Ewoi akirudi na ule mtungi.

Aliporudi aliuweka chini, akaufunika. Halafu akasema, "Tupigie mzee, baba ya Nakiru."

Nakiru akaacha kupepeta.

Mimi nikaona ni jambo rahisi: si ni kuomba ruhusa tu? Sikuelewa ni kwa nini hao wawili wameangaliana vile.

Mzee hana simu. Anapatikana kwa duka moja huko kwao akienda kununua tumbaku. Tulipiga, mwenye duka akasema tungoje, akamtuma mtu. Tulipopigiwa, Ewoi akaweka sauti ya nje. Walikuwa wanaongea Kiturkana, Nakiru ananitafsiria chini chini.

"Anauliza nani amekufa."

Ewoi akaongea.

"Anauliza ni Ewoi gani."

Ewoi akaongea tena, kwa muda. Kisha sauti ya mzee ikaja, kavu.

"Anasema, kwani siku hizi ni serikali inaozesha wasichana? Imeleta mbuzi ngapi?"

Nilisikia watu wa dukani wakicheka nyuma yake. Ewoi hakucheka. Aliendelea, taratibu, na nikasikia neno hospitali. Mzee akauliza kitu kifupi. Ewoi akajibu kwa neno moja.

Mzee akaongea sana. Nakiru hakutafsiri. Nilimhimiza kwa macho, akasema tu, "Anasema niandikwe."

Nikabonyeza hapo hapo. Jina la Nakiru likaingia chini ya jina la Ewoi. Nikawaonyesha. Nilitaka kupiga makofi. Nikainua macho nikaona Nakiru analia, na Ewoi anaangalia mlango.

Mama Shiku ndiye aliuliza. "Amesema nini kingine?"

Ewoi akatueleza. Mzee alikuwa anajua binti yake yuko Nanyuki kwa shangazi, anafanya kazi ya nyumba. Hakujua kuna Ewoi. Hakujua kuna mimba. Sasa amejua. Amesema binti yake asife kwa sababu ya mbuzi, aandikwe, apasuliwe. Lakini akipona, yeye na mtoto warudi nyumbani. Mtoto ni wa mzee mpaka mifugo ifike. Ndivyo ilivyo kwao, na Ewoi mwenyewe alisema mzee hajakosea.

Alijua yote hayo kabla ya kupiga: kumwandika bila ruhusa ni kumuiba, na kuomba ruhusa ni kumpoteza. Mimi nilikuwa nimemuona mkaidi. Kumbe kila siku aliyokataa alikuwa ananunua siku moja zaidi na bibi yake, na siku aliyoona haziwezi kununuliwa tena, akapiga simu mwenyewe.

Nakiru alipasuliwa Nyeri. Msichana, mzima. Bima ilikubali bila shida. Ewoi alinipigia akasema tu, "Mwalimu, imefanya kazi."

Walikaa hadi kidonda kikapona. Halafu mjomba wa Nakiru akaja kumchukua, yeye na mtoto. Mama Shiku alimpa blanketi la mtoto akasema ni la zamani, lakini lilikuwa na lebo ya duka.

Siku hizi Ewoi hupita kwangu akitoka shambani. Anasema, "Fungua." Nafungua simu yake kwa ile account ya bima. Kusoma si rahisi kwake, lakini jina la Nakiru analijua kwa umbo. Analiangalia.

"Bado yuko."

"Bado yuko," namwambia.

Namwekea chai. Hatuongei sana. Nilitafuta mtu wa kunibishia mlango na nimempata, lakini sikutaka iwe kwa bei hii, na bei yenyewe ameilipa yeye.

Nilichojifunza, kwa mnaofanya kazi hii ya kuandikisha watu: msiulize "una mke" mkaenda mbele. Uliza ukiugua usiku nani atakuamsha, nani atakubeba. Hapo mtu atakutajia watu wake, halafu mtafute pamoja wanaingia vipi. Na akikataa, mpe nafasi. Huenda anajua hesabu ambayo wewe hujaiona.

Lakini bado sijui kama nilisaidia. Kuna siku najiambia Nakiru yuko hai na mtoto yuko hai, basi. Kuna siku namwona Ewoi amekaa kwa hiki kiti na siwezi kujiambia chochote. Kama kuna mtu humu wa upande wa Turkana, au aliyeishi nao, niambie kama palikuwa na njia nyingine. Hata kwa ukali, sitakasirika.

Ewoi yuko hapa nikimalizia. Nimemsomea uzi wote. Mahali nilipoandika "bibi yake" amenisimamisha, akaniuliza hawa watu wa kwa simu ni wengi. Nimemwambia wengi sana.

Anauliza, nyinyi mngemwita mume, au bado?

Nimemwambia nitawauliza.