Buti la Baba Nekesa na Mama Mkwe

Nyinyi mliolea watoto Makongeni miaka ile ya tisini, hebu nikumbusheni kama nasema uongo. Watoto wetu walipokuwa wadogo, nani alimfungia mtoto nyumbani? Asubuhi ya Jumamosi unampa chai na kiazi kitamu, unamwambia, "Nenda, na usirudi unalia." Basi utamwona tena jua likishuka, magoti yamejaa vumbi, mdomo mwekundu kwa mabuyu. Wasichana walikuwa kwa kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na blada, ile ya kuruka kamba ya mpira, akina Nekesa wangu, Akinyi, Wanjiku wa nyumba ya kona na yule Mwende aliyekuwa akishindwa ananuna mpaka Jumanne. Wavulana walikuwa na magari ya waya. Nyinyi mnayajua: mwili wa waya, magurudumu ya soli za malapa, na usukani mrefu unaofika kifuani ili mtoto aendeshe akiwa amesimama wima kama bwana mkubwa. Wafula wangu alikuwa na moja lililokuwa na taa za vizibo vya soda. Hakununua hata kijiti. Leo mjukuu ananunuliwa gari linalojiendesha lenyewe, analitazama likizunguka mezani, kisha anasema amechoka.

Mume wangu, Baba Nekesa, naye alikuwa na gari lake, ila hilo lilikuwa la kweli. Alilipata kwa mzee mmoja wa kazini aliyekuwa anastaafu kwenda kwao. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, pale ambapo haikuwa ya kutu. Watoto wa ploti yetu, yaani wa vyumba vya ua mmoja, waliliita Kobe, kwa sababu kila mara lilikuwa linafika, lakini lini, hilo ni Mungu tu alijua. Kufuli la buti lilikuwa limechoka. Lilimtii Baba Nekesa peke yake: anainua kifuniko kidogo, anakisukuma kwa goti, anazungusha ufunguo huku amekunja uso, ndipo linafunguka. Mimi nilijaribu nikavunja kucha.

Buti hilo lisingetusumbua kama si mama yangu.

Mama yangu, Nanjala, alikuwa kwetu Bungoma, na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Jicho moja lilikuwa limeshazimika, la pili linafuata. Hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa hapa Nairobi, na daktari alisema wazi kwamba akiikosa hiyo, haijulikani ataitwa tena lini. Kwa hivyo ilikuwa lazima aje. Lakini mama alikuwa amekataa kuja Nairobi tangu niolewe, na nyinyi wa kwetu mnajua sababu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawapishani mahali pembamba, na mama halali nyumba ya mkwe hata mvua ikinyesha mawe. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Sasa sisi Makongeni tulikuwa na chumba kimoja na pazia. Mama angelala kwa ndugu yangu Simiyu kule Mbotela, hilo lilikuwa rahisi. Lakini nani angemtoa stesheni na mizigo yake? Simiyu hakujua kuendesha hata baiskeli. Dereva alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo huyo asiyetakiwa kumkaribia.

"Nitakaa mbele, nitazame mbele," Baba Nekesa akasema. "Kioo cha kutazamia nyuma nitakigeuza kiangalie dari."

"Na buti?" nikamuuliza. "Si itabidi ushuke usimame naye bega kwa bega, upige goti kwa kifuniko?"

Akavuta sahani. Akala ugali wake wote. Kisha akasema, "Buti litafunguka nikiwa nimekaa."

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Kazi yake ilikuwa zile nyaya ndefu zinazotoka kwenye kibanda cha ishara. Mtu anavuta mpini ndani ya kibanda, na mbali kabisa, kando ya njia, mkono wa chuma unapanda au unashuka kuambia gari la moshi lipite au lisimame. Nyaya hizo alizipaka mafuta mchana kutwa. Basi akaenda Gikomba kwa wauza vyuma vikuukuu, akarudi na waya mwembamba na vigurudumu vidogo vya kuupitishia, na Jumamosi nzima akalala chini ya Kobe, miguu tu ndiyo ilionekana. Aliunganisha waya na ulimi wa kufuli, akaupitisha chini ya gari kutoka nyuma hadi mbele, ukachomoza sakafuni kando ya kiti chake. Mwishoni akafunga kishikio cha kabati langu. Ndiyo, la kwangu. Nilitafuta kishikio hicho siku nzima nikidhani watoto wamekichezea.

Jioni akaketi kitini, watoto wa ploti wote wamejipanga nyuma. Akavuta. Kwap! Buti likaruka juu. Mlisikia kelele hiyo mpaka Mbotela, nina hakika! Watoto walimfanya afungue mara nyingi hata mkono ukamuuma. Jirani yangu Mama Akinyi alisimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, akasema, "Baba Nekesa, si ufunge waya mwingine kwa mume wangu, niwe namvuta kutoka baa nikiwa jikoni?"

Siku ikafika. Nilimpokea mama kwenye behewa, nikamshika mkono, akawa anapapasa ardhi kwa miguu kama mtu anayevuka mto. Alikuwa amekuja na gunia la mahindi mabichi, mkungu wa ndizi, njugu mawe, na kuku wawili kwenye kikapu, kwa maana alisema Nairobi hakuna chakula. Tulipokaribia gari, Baba Nekesa akavuta kofia hadi kwenye nyusi na kukisalimu kioo cha mbele kwa sauti kubwa, "Mulembe, Mama!"

Mama akayaambia mawingu, "Mulembe, baba!"

Halafu, kwap! Mama akaruka.

"Nani amefungua?"

"Ni mkwe wako. Amekaa palepale mbele, amevuta waya ili asikukaribie."

Mama akasimama kidogo. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho yake mabovu. "Sasa huyu," akasema, "huyu ni mtu uliyemchagua vizuri."

Tukapakia. Mama akaketi nyuma na Nekesa, Wafula na kitinda mimba wangu Nasimiyu mapajani. Mimi nikaketi mbele. Kobe likakaa chini kabisa, tumbo karibu liguse lami, na tukaenda hivyo hivyo hadi Jogoo Road, mama akiwaimbia watoto. Nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu.

Sasa sikilizeni kosa la mtu wa reli. Fundi wa magari angeupitisha waya ule ndani, chini ya zulia. Lakini kwa mtu wa reli waya ni kitu cha nje, unapita chini, kando ya njia. Ndivyo alivyofunzwa. Na alikuwa ameujaribu gari likiwa tupu. Hakufikiria kwamba likijaa, likikaa chini namna ile, ule mti wa chuma unaobeba magurudumu ya nyuma utapanda na kuukanyaga waya. Tukaacha Jogoo Road kuingia Mbotela, tukatumbukia shimo, mti ukapanda, waya ukavutwa, na buti likafunguka lenyewe. Na dereva wetu hakuona, kwa sababu kioo chake kilikuwa kinatazama dari.

Tukaendelea tukimwaga. Ni mtu wa mkokoteni aliyepiga kelele, "Mzee! Buti! Mnalisha barabara!"

Breki. Milango yote ikafunguka. Mahindi yalikuwa yamejipanga nyuma yetu, ndizi zinakanyagwa, kikapu kimepasuka. Kuku mmoja Wafula alimdaka. Wa pili, jogoo mwekundu, alikuwa anazunguka gari anapiga makelele. Mama hakuona vizuri, lakini kuku wake alimjua kwa sauti. Akainama, akamnyaka bawa. Na wakati uleule Baba Nekesa akatokea upande wa pili, akamnyaka bawa lingine, na mkono wake wa pili ukatua juu ya mkono wa mama.

Wakabaki hivyo. Mama na mkwe, uso kwa uso, jogoo katikati.

Vijana waliokuwa kwenye kibanda cha viatu wakaangua kicheko. "Buda, achia mathe kuku yake! Mzee, mwachie mama!"

Baba Nekesa akaachia kama aliyeshika moto. Akaenda kwenye mti uliokuwa kando ya barabara, akatugeuzia mgongo. Mama akaketi juu ya gunia kando ya barabara, akajifunika leso kichwani. Sauti ikatoka chini ya leso, "Nirudishe stesheni."

"Mama, na macho?"

"Nimekaa bila macho mwaka mzima. Bila heshima siwezi kukaa hata siku moja. Nirudishe."

Jamani, ningefanya nini? Nikisema arudi, amepofuka. Nikimlazimisha, hatanisamehe, na pia nitakuwa nimemdharau mume wangu aliyelala chini ya gari siku nzima kwa ajili ya heshima hiyohiyo. Nilitazama mgongo wa Baba Nekesa kule kwenye mti, nikaona mabega yamelegea. Yeye aliyapenda macho ya mama kuliko mimi nilivyojua.

Ni Nekesa aliyemchutamia bibi yake. "Kukhu, kwani uso wa Baba uko namna gani?"

Mama akaivuta leso chini zaidi.

"Kukhu, si umemwona? Uko namna gani?"

Leso ikasogea kidogo. "Nimeona kofia," mama akasema polepole. "Chini ya kofia ni ukungu tu." Akafikiri. Nilimwona akifikiri, mdomo unachezacheza. "Kwa hivyo uso sijauona. Na mkono nilikuwa namshika kuku, yeye ndiye aliyekuja na mkono wake. Mwambie huyo mtu wa reli."

Nikapaza sauti, "Mama anasema hajakuona!"

Mti ukajibu, "Mwambie Mama asante! Na mimi nilifumba macho!"

"Mwambie ni mwongo," mama akasema, lakini alikuwa ameshaanza kucheka. "Mwambie ataninunulia blanketi, na mimi nitampa jogoo huyu, ndivyo aibu ya wakwe huondolewa, yaishe. Na aufunge huo mlango wake kwa kamba."

Alipasuliwa, na Mungu akamsaidia. Siku ya kutoka hospitali tulimpeleka kwa gari lilelile, buti limefungwa kamba ya katani, blanketi jipya mapajani mwake. Tulipofika Jogoo Road, mama, ambaye hakuwahi kumwambia mume wangu neno moja ila salamu, akasema, "Baba Nekesa, teremsha hicho kioo chako. Sikufunguliwa macho ili nitazame kisogo."

Baba Nekesa alinitazama mimi kwanza. Kisha akainua mkono, akakiteremsha kidogo kidogo. Wakaonana humo ndani.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. "Mimi nilikuwa nakufikiria mrefu."

Wote wawili wamelala udongoni sasa, kila mmoja kwake. Na mimi nimekuwa mama mkwe wa watu, na shosho, yaani bibi, wa Brayani, mtoto wa Nekesa, ambaye sasa ni kijana mkubwa na gari lake lina rimoti. Anabonyeza akiwa amekaa, buti linapanda polepole lenyewe. Mume wa Nekesa hunikumbatia, hunishika mabega, na mimi simlaumu, hata ninafurahia. Mambo yamekuwa mepesi. Lakini Baba Nekesa, baada ya siku ile, kila alipombeba mama hakuondoa gari kabla hajauliza, akiwa anatazama mbele, "Mama ameketi? Miguu yake yote imeingia?" Hawa wangu wananitazama usoni, wananipiga picha kabisa, kisha gari linaondoka mguu wangu mmoja ukiwa bado Makongeni.