Mji Usio na Pa Kupotelea

Jumanne ile haikuwa na lolote. Mvua ya Birmingham ilinyunya tangu asubuhi, nasi wanafunzi wa Kiingereza, watu wazima tisa, tulijibana karibu na hita katika ukumbi wa kanisa nyuma ya Ladypool Road. Nilikaa na Mama Neema, mjane wa kaka yangu Deo. Ilikuwa zamu ya Noriko, Mjapani ambaye mumewe alikuwa daktari huko Harborne, kutueleza habari za mji wake.

Mji huo ni Sapporo, kaskazini mwa Japani. Noriko alichora ubaoni mistari iliyonyooka, ikikatana kama daftari la hesabu. Katikati ya mji, alisema, mitaa hutajwa kwa namba na pande za dunia. Ukiambiwa Kaskazini Tatu, Magharibi Tano, unafika bila kumuuliza mtu. Wenzangu walifurahi. Mimi jasho lilinitoka. Mji gani huo usio na pa kujificha?

Nikauliza nani aliishi pale kabla ya mistari. Noriko akasema ni Waainu, na hata jina la mji limetoka kwenye lugha yao. Baadaye serikali ilileta wahamiaji, wakiwemo askari waliolima huku wakilinda. Nikauliza askari wa leo wanafanya nini. Akasema kila Februari husomba theluji kwa malori hadi kwenye barabara pana yenye bustani, wakajenga sanamu kubwa, na watoto huja kutazama. Askari amjengee mtoto sanamu ya theluji! Nikajua huyu mama anatuficha kitu.

Mama Neema alinikanyaga mguu. "Shemeji, acha kumuuliza mama wa watu hivyo. Uko ku barrière, unakagua wapita njia?"

Mwishoni mwalimu akatuagiza: wiki ijayo kila mmoja alete ramani ya mji wake. Nikasema sijui kuchora. Mama Neema akageuka akanitazama. Kwetu Bukavu, Kongo, nilifundisha jiografia miaka kumi na moja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka nilimkaribisha mwenyewe, nikampa kiti. Alikuja wakati vita bado viko mbali na mtaa wetu, mtu mpole mwenye Biblia kwapani. Alisema analeta mablanketi na mafuta ya kula, na angependa ramani ya mtaa, nyumba kwa nyumba, ili mgawo usimruke mtu. Mlima wetu haukuwa na namba wala barabara. Vijia vilipinda kati ya migomba na mabati, mgeni akapotea hatua ishirini tu kutoka mlangoni alikotaka kufika. Nilichora kwa siku mbili, kwenye karatasi ya mirabaraba ya daftari la hesabu. Niliandika majina ya wenye nyumba na kazi zao, maana nilijivunia kazi safi. Kwa Deo niliandika: fundi redio.

Mablanketi hayakuja.

Askari walikuja asubuhi, watu wakinywa chai. Nilisikia risasi bondeni, nikajilaza kwenye mtaro mlimani, juu kidogo ya nyumba ya Deo.

Walikuwa wanne. Mmoja alishika karatasi ya mirabaraba.

Aliigeuza kulia, akaigeuza kushoto.

Kisha akapinda penye mgomba, akaruka nyumba mbili, akabisha kwa Deo.

Hakumuuliza mtu njia.

Waliamini mafundi redio wanazungumza na adui. Walimchukua Deo, hakurudi, wala mwili hatukuupata. Watu waliokuja kuomboleza nasi walisema kikulacho ki nguoni mwako, mtu wa mtaani ndiye aliyetuuza. Niliitikia kwa sauti kuliko wote. Naona aibu hadi leo.

Mama Neema na watoto wake watatu ndio jamaa pekee niliobaki nao, tukafika nao Uingereza. Hofu yangu ilikuwa moja tu, siku atakapojua. Chumvi ikizidi mezani kwake, nilijiuliza kama ameambiwa. Akiongea kwa simu na watu wa Bukavu, nilisimama mlangoni nikisikiliza.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake kula sombe, kisamvu cha kwetu. Mezani palikuwa na karatasi. Alikuwa ameuchora mlima wetu, vijia vyote na nyumba zote.

"Uncle, it's all squiggles," Neema alisema, akicheka jinsi mistari ilivyopindapinda. Mama yake akamwambia awapeleke wadogo zake nje.

Kisha akanisogezea kalamu. "Weka majina, shemeji. Wewe ulishayaweka mara moja."

Sikuweza kuinua uso.

"Yule askari aliniwekea ile karatasi hapa, mbele ya macho," alisema. "Akaniuliza, Deo njo huyu, ndiye huyu fundi redio? Niliona mwandiko wako."

"Miaka hii yote? Kwa nini hukusema?"

"Ungekimbia. Na hawa watoto, nani angewasomesha?"

Nikamweleza yote, yule mtu, Biblia yake, mablanketi. Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, na hakusema amenisamehe. Akapakua chakula, sahani yangu kwanza kama kawaida, akawaita watoto.

Bado nakwenda kila Jumapili, na bado sahani yangu hutangulia. Ila tangu siku ile hajaniita shemeji. Ananiita Mwalimu.