Sikuzani, Fundi wa Kuchomelea

Sikuzani alivuka mpaka kutoka Uvira mwaka 1998, baada ya mumewe kuuawa, akapanga chumba katika mtaa wa Musaga, nchi jirani. Kituo kimoja cha kanisa kilikuwa kikiwafundisha wakimbizi ufundi. Darasa la ushonaji lilikuwa limejaa, kwa hiyo akaingia la kuchomelea vyuma, mwanamke peke yake. Akaipenda ile kazi kuliko alivyotarajia. Mwalimu wao, Marcellin, aliwaambia kwamba mwenye ufundi mikononi hawezi kulala njaa. Sikuzani alimwamini.

Alipohitimu alizunguka karakana nyingi. Kila mahali aliambiwa Mkongomani hana kibali cha kazi. Mwishowe Népomuscène, mwenye karakana kule Kibenga, akamchukua kama kibarua. Kazi ilikuwa tele. Vita vilikuwa vimewatia watu hofu, na kila mwenye nyumba alitaka vyuma madirishani.

Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja tu, ya Ildephonse, fundi mwenye mkataba. Sikuzani aliomba ya kwake, akaambiwa asubiri. Alipoomba tena, aliambiwa kama amechoka aseme, maana wanaotaka nafasi yake wamejaa mlangoni. Akawa anasaga chuma kwa mashine huku amegeuzia uso pembeni.

Asubuhi moja kipande cha chuma kikaruka kikamwingia jichoni. Ildephonse alimshika mkono, akamkimbiza hospitali. Madaktari walishindwa kuliokoa lile jicho.

Aliporudi karakana, kitambaa kimemfunika nusu ya uso, Népomuscène hakumkaribisha hata kukaa.

"Mama, mi sikukuajiri," alisema. "Ulikuya kusaidia tu."

Mahali pake palikuwa na baba mmoja wa Bukavu, jina lake Mawazo, aliyetoka kituo kilekile. Naye alikuwa akisaga uso pembeni. Sikuzani akasogea, akafungua kitambaa ili Mawazo aone lile jicho. Mawazo akazima mashine.

"Najua, dada. Mwalimu alitufundisha kukinga macho," alisema polepole. "Sasa batoto bakule nini?"

Sikuzani akafunga tena kitambaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Marcellin, akamsihi asipeleke tena watu Kibenga. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasema hakuna karakana nyingine inayowapokea.

Basi Sikuzani akaanza kuuza makaa kando ya barabara, hapo hapo Musaga. Wateja walipomuuliza kama alisomea kazi yoyote, aliwajibu kwamba hapana, hakusomea kitu.