Sharti la Jumamosi

Karatasi ilirudi kutoka Dar es Salaam kwa ndege, nami nilikuwa nimeingoja wiki tatu. Ilikuwa na neno moja tu la maana: haiwezekani. Nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ya mipango mjini Mtwara, nimesoma hisabati na kurudi nyumbani nikiringa. Ni mimi niliyemshawishi mkubwa wangu kwamba kompyuta ya huko ingetupangia safari za malori ya korosho. Sasa kompyuta yenyewe ilisema masharti niliyoipa hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja. Ni yapi yaliyogombana, haikusema.

Mkubwa wangu hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kwa upole kwamba Ijumaa ikifika bila mpango, atakifuta kituo cha Ziwani ili malori manne yavitoshe vituo vilivyobaki. Ziwani ndiko alikolima mama yangu mdogo, aliyenilea. Kituo kikifutwa, angebeba korosho zake kichwani hadi kituo cha mbali, na umri ule.

Nikaketi na penseli, nimenuna. Masharti yalikuwa tisa. Niliondoa moja, nikapiga hesabu upya. Sharti likitoka na hesabu bado ikakataa, nililiacha nje. Halikuwa na hatia. Likitoka na hesabu ikakubali, nililirudisha, maana lilikuwa mmojawapo wa wagomvi. Siku ya pili alasiri yalibaki matatu. Kila lori safari moja kwa siku, kwa sababu ya mchanga wa barabarani. Korosho zilizopimwa zichukuliwe siku ileile, kwa kuwa vituo havikuwa na ghala. Na vituo vyote vipime Jumamosi.

Nilijiona mjinga. Mzigo wa vituo vyote usingeingia katika malori manne siku moja, hata tungeushindilia vipi. Lakini mimi ni mtoto wa Rahaleo, mtaa wa hapahapa mjini. Nimekua nikijua kwamba siku ya mizani hutangazwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na kesho yake watu wanapima. Mgeni angeuliza kwa nini. Mimi nililiandika sharti hilo la Jumamosi bila hata kufikiri.

Alhamisi niliazima baiskeli nikaenda Ziwani. Mama mdogo alikuwa akianika korosho mkekani. Nilimweleza shida yote, kisha nikamwuliza kwa woga kama wangekubali kupima siku nyingine. Akawaita majirani, wakacheka wote.

“Sisi tunapima siku lori linapokuja, mwanangu,” alisema. “Jumamosi mmeileta nyinyi wa mjini.”

Kumbe ofisi ilipeleka malori Jumamosi kwa kuwa vijiji vinapima Jumamosi, na vijiji vilipima Jumamosi kwa kuwa malori yanakuja Jumamosi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Nilirudi kwa kupitia vituo viwili vya jirani, nako wakasema vilevile; niliona haya, lakini nilifurahi mno hata sikuhisi mchanga.

Asubuhi ya Ijumaa niliweka mpango mezani: Ziwani na vile vituo viwili vya jirani vipime Jumanne. Mkubwa wangu aliusoma mara mbili, akauliza nani amekubali. Nikasema wenyewe. Akatia sahihi, na mchana ule Jumanne ikatangazwa msikitini.

Jumanne yenyewe nilipanda lori la kwanza. Mama mdogo alikuwa mbele ya mstari, amekaa juu ya gunia lake. Machozi yalinitoka palepale. Akanitazama, akaniambia nisogee kando, namzibia mizani.