Kamba ya Sura ya Saba

Mshika winchi wa duara letu, shimo la dhahabu pale Rwamgasa, anayetushusha na kutupandisha, ndiye pia anayetusomea. Riwaya ni ya kutisha, sehemu ya pili, nakala moja kwa watu watano, sura moja kila mchana kabla hatujarudi chini. Husoma polepole kwa sauti ya kuchoka, na kabla ya kufunua ukurasa hufuta kidole kwenye suruali. Kiganja chake kina sugu ndefu ya kamba. Jana, sura ya saba, jini alimkamata mchimba kisima, wenzake wakavuta kamba. Hapo akasita, akakohoa, akasoma: “Akatoka mzima, ila amechoka.”

Maduhu, mchimbaji mwenzetu, akaguna. “Sehemu ya kwanza hakupona hata mmoja. Huyu mwandishi kalainika?”

“Ndivyo ilivyoandikwa, ng'wanawane, mwanangu,” mshika winchi akajibu, akafunga kitabu.

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, macho kwenye ukurasa. Kitabuni kamba ilirudi tupu. Nikavaa kofia, nikajifunga kamba kiunoni. Kila siku mshika winchi huivuta mara mbili kuijaribu. Jana aliivuta mara mbili, akanitazama, akaivuta tena.