Kuisimulia Kesho kama Jana

Nilikuwa ninaandika hadithi ya Bukavu ya miaka mia ijayo, barabara ikipita chini ya ziwa na watu wakizeeka polepole mno. Kichwa kigumu mimi: nyumbani hakuna unga, nami najenga miji. Ndani yake nilimweka binti yetu, aliyetupotea siku tuliyokimbia, akiwa na miaka sita. Hatujui kama yu hai. Katika hadithi tunarudi, naye anatufungulia mlango.

Yote niliiandika kwa wakati ujao: tutafika, tutabisha, atafungua. Kila nilipomaliza ukurasa nilimsomea mke wangu, akishona sare za kwaya mbele ya nyumba yetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Alikuwa akisimamisha cherehani ili asikie vizuri.

Lilongwe kulikuwa na mhariri, mama wa Kitanzania aliyekusanya hadithi za Kiswahili. Aliisoma nikiwa nimeketi mbele yake.

"Kaka, hizi 'ata' zinachosha, kama ahadi za kampeni. Simulia kama mtu aliyekwisha kuiona siku hiyo. Msomaji ataamini."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikabadilisha yote iwe wakati uliopita, palepale ofisini kwake. Kalamu ilikwenda yenyewe. Nikamwachia nakala safi, nikapanda minibasi na daftari langu, kichwa kimenivimba.

Mke wangu alisikiliza hadi pale binti alipofungua mlango. Kisha akasema, "Papa, hii njo sauti ya interview."

Nikaelewa. Kila familia hapa ina habari yake ya kukimbia, na tumeisimulia kwa maofisa wanaotuhoji miaka mingi, kwa maneno yaleyale, maana ukibadilisha hata rangi ya shati watasema unadanganya. Tumezoea kuisema bila kutetemeka. Ndivyo nilivyomsimulia mtoto: alivaa hivi, alisimama hapa, alisema vile.

"Unamusema sawa bale benye balikufa," akasema, yaani kama wafu. "Mi nilikuwa namungoja mu ile kitabu. Murudishe."

Nikaandika: atafungua mlango. Nikafuta. Nikaandika, nikafuta, hadi karatasi ikatoboka. Mke wangu alikuwa akiutazama mkono wangu. Nilitaka kumwambia ni uchovu. Lakini kwa mhariri niliandika bila kusita kwa sababu ndani yangu mtoto alikwisha kufa zamani, na mama yake ndiyo kwanza anajua.